Kikoa

Jina ni nusu.
Nusu ya pili ni mahali linapoitikiwa.

Kazi yangu ni kutunza majina
katika hospitali moja ya mlimani, hapa Mwanza,
chumba cha mitambo, ghorofa ya chini,
ambako feni haizimwi hata Krismasi.
Dirisha langu linatazama jiwe.
Usidhani ni mandhari. Ni jiwe tu, kubwa kama lori,
limekalia jiwe jingine tangu kabla ya ramani
na hakuna aliyewahi kulidai kibali.

Jumanne waliniita dirisha namba tatu.
Mama mmoja, mfuko wa dagaa kwapani,
mashine imemkana mara nne.
*Hajulikani*, kwa herufi nyekundu.
Akaisoma kwa sauti, akacheka:
"Mimi? Mwaloni nzima wananidai!"

Akaanza kuyatoa, kama mtu anayesaka chenji kwenye khanga:
Nyanzala, la nyumbani, maana alizaliwa mwaka wa njaa;
Skolastika, la ubatizo, Kagunguli,
ambalo kwenye bima limeongezewa i na mtu mwenye haraka;
Mama Lukonge, siku za marejesho ya kikundi;
na kwenye laini ya simu yeye ni Mafuru Bwire,
shemeji yake, aliyemsajilia kwa kidole chake
kwa kuwa vidole vya mama huyu
vilishaliwa na chumvi na mchanga wa kuanikia,
vikabaki laini, havina mstari wa kusoma.

Nikamweleza taratibu, kama nilivyofundishwa:
mama, upo, ila upo katika kikoa kingine.
Kila mfumo una kikoa chake, na mlango, na mlinzi,
na mlinzi wetu hajuani na wa wenzetu.

"Kikoa?" Akatua mfuko chini.
"Neno hilo tuliletewa na Bi Mwanakheri, mtu wa Pangani,
alipohamia Mabatini na sufuria yake.
Leo kwake, kesho kwangu, keshokutwa kwa Minza.
Moto mmoja, nyumba tano.
Mtoto akija na bakuli
alitosha kusema katumwa na nani.
Ukila kwa mwenzio, unajua zamu yako iko njiani.
Hicho ndicho kikoa, baba.
Hicho chako ni ukuta."

Foleni ilikuwa inakohoa nyuma yake.
Nikamfungulia faili la karatasi, kwa kalamu,
kinyume cha waraka niliouandika mwenyewe.

Usiku nimebaki na neno lake.
Nisijitie wema: ukuta nimewahi kuushukuru.
Mwaka juzi kijana mmoja alitaka kuchungulia
majibu ya damu ya mchumba wake,
akajaribu nywila kumi na moja,
mlango ukamgomea, nami nikalala usingizi.
Si kila mwenye bakuli katumwa na mama.

Lakini ipo njia. Mistari haifiki ishirini.
Kikoa kinakiambia kikoa:
ukisema wewe ni yeye, nami nitasema ni yeye;
kesho nikisema mimi, usinikatae.
Tunauita uaminifu, bila kuona haya.
Mistari nimeshaiandika.
Inasubiri sahihi mbili, tangu Machi,
za mabwana wawili wanaosalimiana kila Jumapili.

Saa sita kasoro skrini ikasinzia,
ikazinduka, ikaniuliza mimi ni nani.
Nikaandika jina,
kisha ile a iliyojikunja kama konokono,
kisha mahali.
Ikakataa. Nywila yangu imepitwa na muda.

Nikacheka peke yangu, na feni.
Ndipo nikauona, kando ya kibodi,
mfuko ambao mlinzi wa getini alikuwa ameuleta jioni:
dagaa, wamefungwa kwenye gazeti,
na juu yake, kwa mwandiko mnene wa mtu asiye na wasiwasi,
*Kwa yule wa majina.*
Na chini yake:
*Zamu yako.*